Droo Inayotoka Yenyewe

Karakana, Jumatatu asubuhi

Dada yangu mpendwa,

Kabati langu la mtihani lilianza vituko mbele ya watu wote. Nikisukuma droo ya juu, ya chini inatoka. Nikisukuma ya chini, ya juu inachungulia.

Ngoja, salamu nimeziruka. Hujambo huko? Mgongo umepoa? Mama mzima, anakula vizuri, na anakulalamikia kila siku kwamba hupigi simu. Ujue anakupenda.

Basi, hapa chuoni ukianguka mtihani huu unarudishwa kwenye kupaua nyumba. Ukipita unaingia chumba cha makabati. Na mimi juu ya paa siwezi, kizunguzungu changu unakijua.

Jamaa mmoja tunamwita Redio, maana hazimiki. Akasema, "Jamani, hilo kabati lina pepo." Wakacheka. Mimi nikashika randa nipunguze ubavu wa droo.

Mwalimu akanidaka mkono. "Weka chini. Unataka kuharibu nini?"

Akasukuma ya juu kwa kidole. Ya chini ikatoka. Akarudia, akarudia tena, kama mtoto kapata gari la kuchezea. Halafu akasema, "Redio, tuone la kwako." Akasukuma. Hakikutoka kitu.

"Lako lina nyufa kila upande," akamwambia. "La huyu limebana sawasawa. Hewa haina pa kupita, inaisukuma droo nyingine nje."

Redio akajibu, "Langu la nchi za joto, mwalimu, lazima lipate upepo." Hata mwalimu alicheka.

Nimepita, dada. Nikainama kufagia maranda wasinione uso.

Hakuna aliyenifundisha hilo kwa mdomo. Nilikuwa namwangalia mwalimu tu. Akipiga randa mara moja, anajaribu droo kwenye tundu lake, anaitoa, anaangalia inapong'aa kwa kusuguana, ndipo anapiga tena. Maneno sina, macho ninayo.

Msalimie shemeji, na huyo mtoto aliye tumboni mwambie mjomba wake anamtengenezea kigoda, asiwe na haraka.

Sasa naondoka, wananiita. Wanafunzi wapya wamefika, na mwalimu kasema mimi ndiye nitakayewaeleza kwa nini droo inatoka. Zamani wageni wakiniuliza jina, wewe ndiye uliyenijibia, mimi nimejificha nyuma ya gauni lako. Leo nitasimama nyuma ya kabati. Lakini nitasema.

Mungu akulinde na nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kimyakimya.