Kanga ya Mama Mabegani mwa Mwanamke wa Fedha

Dada yangu Zaituni,

Kaa kitako usome polepole, maana kakako nimetoka vitani.

Unakumbuka ulipoanza kazi ya usafi kwa yule bwana mzee wa Kings Heath huku Ulaya, mkusanyaji wa vitu vya kale? Ulirudi unacheka. "Kaka, chumba chake cha vitabu kina kisanamu cha mwanamke, fedha tupu, urefu wa kiganja. Cha Warumi wa zamani." Nikakwambia Warumi nawajua, nafanya nao kazi kiwandani. Ukasema, "Hao Wataliano, kaka." Ni yale yale.

Yule mwanamke wa fedha alikuwa mungu wao wa kike, ati wa bahati. Bega wazi, kifua wazi, na baridi ile maji yaliganda bombani. Kila ukimpangusa vumbi ulimgeuza uso ukutani, kwa haya. Siku moja ukaona haitoshi. Ukachukua ile pembe iliyokatwa ya kanga ya mama, kile kisutu, uliyoipata tulipogawana nguo zake baada ya arobaini, ukamtanda mabegani. "Si ibada, kaka," uliniambia. "Mwanamke humsitiri mwenzake."

Bwana akaingia na wageni wake wasomi. Wakacheka. Yeye hakucheka. Alisema umemfanya mungu wake muuza samaki, akakufukuza hapo hapo, hata koti hukuwahi kufunga vifungo. Kanga ikabaki.

Kule Digbeth, kituo cha mabasi, wanao wameshapanda, safari ya kurudi Tanga, hukuililia kazi. Ulinishika mkono. "Kaka, pembe ya mama." Nikaapa nitaileta. Ukasema, "Uliapa pia kwamba ulimpiga chui kibao." Zaituni, yule chui alikuwepo.

Watu hapa waliniambia niache, kitambaa tu hicho, kimeshatupwa. Nilikwenda mara mbili, bwana akanifungia mlango puani. Mimi niliyebeba injini ya vani peke yangu pale Washwood Heath, waulize waliokuwepo, wawili walishika kidogo tu, nishindwe na mlango?

Jumamosi nikavaa suti na ile tai nyekundu ya harusi yangu, nikaenda tena. Aliyefungua ni mkewe. Bwana amefariki. Nikatoa pole kwanza, maana msiba una haki yake hata kwa mwenye kudai. Kisha nikasema, "Dada yangu hakukosea. Nataka kanga ya mama yetu."

Akanipeleka chumba cha vitabu. Zaituni, yule mwanamke wa fedha alikuwa ameivaa. Imefifia kidogo, tena imefungwa ovyo, kama aliyeifunga ni mwanamume.

"Niliificha kwenye droo yangu ya soksi," akasema mama yule. "Tulipotoka kumzika mume wangu, nikamvika huyu. Nyumba ilikuwa na baridi."

Nusura nilegee, niseme basi, mwachie. Lakini nilikuona pale Digbeth. Nikasema Bismillahi, nikaifungua, nikaikunja, nikaitia mfuko wa ndani.

"Sasa yeye atavaa nini?" akauliza.

Unaijua ile tai. Nimeshakusimulia sultani alivyotaka kuinunua nikakataa. Nikaivua, nikamzungushia mabegani, ncha nikazichomeka kwa ndani kama ulivyokuwa ukifunga wewe. Mama yule akamgeuza uso utazame dirishani, akaenda kuchemsha chai. Tukanywa watatu.

Posta siiamini. Kiwanda kikifungwa likizo ya kiangazi, nakuletea mwenyewe, mkono kwa mkono. Na hapo mtaani wakikuuliza kama ulifukuzwa kazi Ulaya, waambie ndiyo, na uwaambie kwa nini. Usiinamishe kichwa.

Ya chui usiyaamini ukitaka. Hii utaishika.

Wasalaam,
Kaka yako, mjomba wa wanao, sasa shingo wazi