Pigo la Tatu Halijaja

Mwaka umetimia, Injinia wetu, tangu ushuke kwenye chemba ya kona usipande tena, na mtaani wanasema bado unagonga.

Fundi viatu ndiye aliyeanza. Eti kila Jumamosi asubuhi mfuniko wa chemba hiyo, ulio mbele ya kibanda chake, hugongwa kutoka chini. Mama yako alimwambia akome kuchezea msiba wa watu. Lakini maneno yale yalimganda. Akifua, anayasikia. Akifagia, anayasikia.

Uinjinia hukuusomea. Jina walikupa majirani kwa utani, ulipoanza kupita mlango kwa mlango ukiwatoa watu kuzibua chemba za maji machafu.

"Injinia, umekuja tena kutuletea harufu?" alikuuliza muuza mkaa.

"Harufu ni yenu, shangazi. Mimi naifungulia mlango tu."

Akacheka hadi akashika mbavu, kisha akatoka na koleo lake. Ofisi ya mtaa ilileta mabomba, shirika la misaada likaleta mabuti na glavu. Watu uliwaleta wewe.

Na ulikuwa na utaratibu wako. Mifuniko ifunguliwe Ijumaa mchana, hewa mbaya itoke hadi asubuhi. Aliye chini agonge bomba kwa nondo mara tatu: mimi mzima. Aliye juu ajibu mara tatu.

Ijumaa ile, wewe ukiwa umefuata mabomba, ikaja simu kwamba wageni wa shirika watapita jioni kukagua. Kamati ya mtaa ikasema mashimo wazi yanatia aibu. Wakafunika, wakafagia. Wageni wakapiga picha, wakaenda zao, na watu wakasahau kufunua tena. Kulipopambazuka wakafunua harakaharaka. Ulipofika uliyakuta mashimo wazi kama ulivyoyaacha.

Kila mmoja alidhani mwenzake amekuambia kwamba yalilala yamefunikwa. Mama yako naye alishika ukingo mmoja wa mfuniko wa kona walipoufunika. Hajawahi kulisema mbele za watu. Leo analisema.

Na yeye ndiye aliyekuwa juu. Uligonga mara moja, akatabasamu. Ukagonga ya pili. Akainua jiwe lake akujibu, akangoja.

Jumamosi iliyopita alikwenda kwa fundi viatu, akapiga magoti, akatega sikio kwenye chuma. Mapigo mawili. Kisha kimya.

Mdogo wako alikuwa nyuma yake, ameshika nondo yako. "Mama, dada ananiita. Jumamosi ijayo nashuka."

"Dada yako hakuwahi kumwita mtu chini, mwanangu. Aliwaita watoke nje."

Mdogo wako hajaiweka chini ile nondo. Ndiyo maana mama yako ameandika.

Unakumbukwa na mama yako, baba yako, mdogo wako, shangazi zako, muuza mkaa na kamati nzima ya mtaa. Hakuna siku itakayopita bila wewe.

Na ninyi mnaoiendeleza kazi yake, mama yake anawaomba:

Msifunike chemba kwa ajili ya wageni.

Msiseme "ameshaambiwa." Mwambieni wenyewe.

Msishuke kwenye shimo ambalo hamkulifungua kwa mikono yenu na kulilinda.

Msishuke bila kamba kiunoni.

Mwenzenu akinyamaza, msimfuate. Mvuteni.

Na mkisikia kugongwa mara mbili, msishuke.