Kokoto, Mkaa na Dai Langu la Pili

Jumatano, kipupwe. Upepo wa Sumbawanga leo unakata masikio. Nimejifungia ndani na masweta mawili, na sina hamu hata ya chai.

Hataza imekwama.

Niliomba hati hiyo ya kumiliki uvumbuzi inilindie programu yangu ya simu, ile inayowapangia wakulima zamu za trekta la kushirikiana. Hali ya mashamba ikibadilika, inapanga zamu upya yenyewe. Kampuni moja ya Dar imeshaanza kuiiga, na bila hataza sina la kuwafanya. Sasa mkaguzi wa ofisi ya hataza kajibu: dai la kwanza kwenye ombi langu, lile la kupanga zamu kwa hali ya shamba, si jipya. Eti jambo hilo lilishafanyika huku huku Ufipa enzi za Ujamaa, na kuna mgeni aliyeliandikia kijitabu. Kijiji kimoja kilikuwa na maksai wachache wa kulimia. Kila kaya ilitundika kopo kwenye ukuta wa zizi, na shamba lake likilowa vya kutosha kulimwa ilitia kokoto. Asubuhi kiongozi alichungulia makopo, akapanga nani atangulie.

Makopo, jamani! Nilicheka, halafu nikalia.

Nilijitia ujanja. Badala ya kutaja simu niliandika "chombo cha kutunzia taarifa za shamba", ili asinipite mtu pembeni. Mkaguzi kayachukua maneno kwa upana ule ule: kopo ni chombo, kokoto ni taarifa. Nibishe nini? Wakili wangu anasema hata nikiongeza neno simu haitoshi, maana kuhamishia kazi ya zamani kwenye simu si uvumbuzi.

Kimebaki kitu kimoja. Dai la pili: kaya yenye mgonjwa inaruka foleni. Kijitabu hakisemi lolote juu ya hilo. Wakili kaniambia tulishikilie kwa meno.

Jioni nikampigia Mama, yuko Chala. Aliolewa kwenye kijiji hicho hicho cha makopo. Nilitamani aniambie mgeni yule alitunga tu. Nilipomtajia kijitabu na makopo, alishangilia. "Kumbe wametuandika!" Akaendelea mwenyewe, sijamuuliza: mwenye mgonjwa alitia kipande cha mkaa kwenye kopo lake, akalimiwa kwanza.

"Mwaka ule marehemu baba yako kalala kitandani, maksai walianzia kwetu. Vinginevyo mngekula nini, mwanangu?"

Nikamdanganya chaji inaisha, nikakata.

Nimechoka. Nimechoka mpaka nachukia kuitazama kompyuta. Miaka yote hii najiita mvumbuzi!

Mkaguzi hana habari ya mkaa, na hakuna atakayemwambia. Wakili anataka jibu kesho asubuhi. Nikitaka kubaki na chochote, inabidi nitie sahihi kwamba kabla yangu hakuna aliyewahi kufikiria kumtanguliza mwenye mgonjwa.

Nitie sahihi kwa uso gani, mimi niliyelishwa na zamu ile?