Mvua Imefika, Gonga Debe

Shosho wangu, miguu bado inakusumbua?

Leo mvua imeanza hapa Thika, nami nikajisahau. Nilitoka nje nikagonga sufuria kwa mwiko, vile wewe na guka, babu yangu, mlizoea tangu mlipohamia huko kwenye ukame: tone la kwanza likianguka, gonga debe, ili jirani wa mbali atoe vyombo nje. Hapa mtaani Kiandutu watu walitoka mbio na ndoo za maji, wakidhani nyumba inaungua.

"Kumbe ni mvua tu," jirani akasema. Wakarudi ndani, wakafunga milango. Nikabaki nje peke yangu, sufuria ikijaa.

Huko mvua ikifika, Shosho, gonga mara mbili. Moja iwe yangu.

Mjukuu wako, Njoki