Theodory na Filamu Isiyokatika

Doto, shemeji Theodory amempiga mwenyekiti wa kijiji! Ndani ya banda la video la Abdulrahim, watu wamejaa!

Filamu yenyewe ya vita, imepigwa moja kwa moja, kamera haikati hata mara moja. Vijana wanalalamika, "Huyu askari atakojoa saa ngapi?" Watu wanacheka.

Halafu askari mmoja akambeba mwenzake mgongoni. Anatembea kwenye matope, damu ya mwenzake inamchuruzikia shingoni, kamera inamfuata tu. Theodory akaacha kutafuna karanga. Si unakumbuka alivyombeba dada yake, mke wangu Philomena, kumpeleka hospitali, mimi niko malishoni Getanuwas na ng'ombe? Akamfia mgongoni, maana gari la wagonjwa lilikuwa limewapeleka wakubwa mkutanoni.

Sasa mwenyekiti, kiti cha mbele kama kawaida yao wakubwa, akapaza sauti: "Abdulrahim, peleka mbele bwana! Huo mzigo wake unatuchosha!"

Mzigo! Doto, alisema mzigo!

Theodory aliruka mabenchi. Ngumi ya kwanza ilimwingia mdomoni, meno yakatoka. Wakaiangukia televisheni, ikapasuka, giza. Na gizani bado anapiga, "Sema tena mzigo! Sema tena!" Tulimbandua kwa shida.

Wamemfunga kwa kamba ya mbuzi, polisi wanakuja. Nikainama nimfute damu, akaninong'oneza, "Shemeji, yule wa mgongoni alifika?"

Hakuna aliyeona, Doto. Nikamwambia amefika, tena ameomba maji.