Ngoma Sebuleni kwa Mbwa Mwitu Mkimya

Jumapili, 4 Agosti

Ngoma kubwa imeibwa. Tumefika ukumbini kwa siku ya mwisho ya sherehe yetu sisi Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika — mlango wazi, stendi tupu. Mlinzi wake ni binamu yangu Wendell. Alisinzia, maskini. Afande wa kaunti kaja, kautazama mlango, kamtia Wendell pingu. Ushahidi? Eti alishawahi kukamatwa. Ndiyo, kwa kuvua samaki kwenye ziwa letu wenyewe.

Jumatatu, 5 Agosti

Bwana Halvorsen kaja kutupa pole. Mzungu, daktari wa meno mstaafu, ana nyumba ya mapumziko ng'ambo ya ziwa. Anajiita Mbwa Mwitu Mkimya. Kaongea mpaka chai ikapoa. Eti mama wa bibi yake alikuwa Mwojibwe — mwaka juzi alikuwa Mcherokee, kabila jingine kabisa. Kafuta machozi, kamaliza mikate yetu ya kukaanga, kisha akasema ngoma ikiondoka ujue imejichagulia pa kukaa. Bibi yangu kaondoa sahani.

Alhamisi, 8 Agosti

Wendell bado ndani. Hakimu yuko likizo. Kaenda kuvua, bila shaka.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimepata kibarua cha kugawa vinywaji kwenye karamu ya Halvorsen. Sebuleni kuna meza ya duara yenye kitambaa. Nimetua sinia — meza ikanguruma. Chini chini, kama mzee anayekohoa ndani ya blanketi. Nikainua kitambaa. Ngozi ya ngoma yetu. Juu yake, alama ya glasi ya divai.

Nilitamani kumpiga na sinia. Nikauliza tu kaipata wapi meza nzuri hivi.

"Hii haitafutwi, binti," akasema mbele ya wageni. "Ilinijia ndotoni. Mimi niliifuata."

Wageni wakashusha pumzi kwa heshima.

Nikampigia Bibi simu, nikamweleza.

"Wameimwagia pombe?"

"Kidogo, Bibi."

"Nisubiri hapohapo."

Alipofika, wote walikuwa ufukweni, Halvorsen akiwafundisha sala yetu. Kwetu wanawake hatuigusi ngoma hiyo. Bibi kaiwekea tumbaku ya sadaka, kaiomba radhi: "Babu, utuvumilie. Mlinzi wako wamemfunga, umebakiwa na sisi." Tukaizungushia blanketi, tukaitoa kwa mlango wa mbele.

Naandika garini. Ngoma iko kiti cha nyuma, imefungwa mkanda. Tulikuwa tunaelekea kituoni kwa afande. Katuwahi yeye, king'ora kikilia — Halvorsen kesharipoti kwamba kaibiwa ngoma yake ya ukoo.

Bibi kashusha kioo. Afande kauliza, kwa sauti ya kazi, "Mama, hiyo ngoma ni ya nani?"

"Si ulijua ulipomfunga mjukuu wangu?" Bibi kasema. "Ulisema kaiba ngoma ya Waojibwe. Sasa niambie wewe, baba. Ni ya nani?"

Afande kaitazama ngoma. Kamtazama Bibi. Redio yake inaita, haipokei. Bibi kazima injini, katoa soksi anayofuma, kaendelea kufuma.