Ulisema Hujui, Nikasema Kiangazi

Mama Kulwa, mke wangu,

Pumzi imekuwa ya kubahatisha. Mwanetu Doto ameniwekea mito mgongoni ili nikae niandike. Nakuandikia wewe uliyelala kaburini nyuma ya zizi, maana nina neno nisiloweza kufa nalo.

Asubuhi moja uliniletea uji ukanisalimu, “Mwadila.” Nikacheka.

“Mama Kulwa, hiyo ni salamu ya jioni! Umelala mpaka jua limezama?”

“Na wewe mwalimu, umestaafu lakini huchoki kusahihisha watu.”

Kesho yake ulisema vilevile, na safari hiyo hukucheka. Ulinitazama usoni, ukisubiri nikuambie kama umepatia.

Doto alipokuja kutoka Geita akakuona ukitia chumvi kwenye mlenda, kisha ukatia tena, na tena. Yeye ndiye aliyetupeleka hospitali. Alipokuwa dirishani akishughulikia kadi yako, tuliingia wawili. Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni wa huku. Alikupa kalamu uchore saa. Nikamwambia, “Mke wangu hakusoma, na lugha yake ni Kisukuma. Kwa hivyo mtampima nini?” Akakubali, akaniomba nitafsiri.

Alikutajia ng’ombe, jembe, mvua. Baadaye kidogo akauliza yalikuwa maneno gani. Ukajibu kwa Kisukuma, “Ng’ombe. Mengine yameondoka.” Mimi nikamwambia, “Ng’ombe, jembe, mvua.” Akauliza tuko masika au kiangazi. Ukasema hujui. Nikasema, “Kiangazi.” Kisha akanigeukia: “Baba, nyumbani umeona mabadiliko yoyote?”

“Uzee tu,” nikasema.

Unajua kwetu. Mwanamke mzee mwenye macho mekundu ya moshi, akianza kuongea peke yake, watu humpa jina la mchawi, na jina hilo huja na panga. Niliogopa majirani kuliko ugonjwa.

Lakini Kiswahili ulikisikia. Uliuza karanga mnadani maisha yako yote. Tukirudi nyumbani, uliniinamia sikioni Doto asisikie.

“Baba Kulwa, mimi nimesema sijui. Mbona wewe umesema kiangazi?”

“Nilikusaidia.”

“Nilitaka anisikie. Kuna kitu kinaniibia. Nataka kukijua kabla hakijamaliza.”

Nikageuza uso, nikatazama mashamba ya pamba.

Hatukurudi tena hospitali mpaka ulipokuwa hunijui, ukinipisha mlangoni kwa adabu kama mkwe. Daktari wa safari hiyo alisema ugonjwa huu hauponi, ila ukijulikana mapema, mgonjwa hupata muda wa kusema anachotaka akiwa bado mwenyewe. Nilikaa pale nikazikumbuka zile jioni ulizoanza, “Nikisahau, uwaambie watoto…” Kila mara nilikukata: “Wewe huwezi kusahau.” Nilidhani nakufariji. Sikukuacha hata mara moja ufike mwisho wa sentensi.

Leo mchana Doto ameniuliza, “Baba, mama alituachia neno gani, mimi na pacha wangu?” Nimemwambia kweli: alikuwa nalo, mimi ndiye niliyemnyamazisha. Ametoka nje, na kupitia ukuta namsikia akilia kwa sauti ile uliyokuwa ukilia nayo wewe, ya chini, ya mtu asiyetaka kusumbua.

Siombi unisamehe, mke wangu. Nakuja. Kama lile neno bado unalo, nitakaa kimya mpaka umalize.

Mumeo,
Baba Kulwa